Makao yamekaguliwa na kupewa daraja zuri, lakini mtoto hanitazami usoni

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Dada yangu alifariki akaacha mtoto wa kiume, sasa ana miaka 11. Ustawi wa jamii walimweka kwenye makao binafsi ya watoto kwa sababu wakati ule mimi nilikuwa mgonjwa na sikuweza kumchukua. Makao yamesajiliwa, na mwaka jana yalikaguliwa yakapewa daraja zuri. Ripoti imebandikwa hadi ukutani pale mapokezi. Lakini kila nikienda kumwona naona maneno yamempungua. Hanitazami usoni, na kabla ya kunijibu humtazama kwanza mlezi. Nikiuliza kulikoni naambiwa, "Mkaguzi mwenyewe aliridhika." Je, ripoti ya ukaguzi ni ya kuaminiwa? Na mtu kama mimi nina nafasi gani? Ni mimi, mama mdogo wake.

JIBU: Marahaba, mama mdogo, na pole sana kwa kumpoteza dada.

Nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu: kabla ya kukujibu, anamtazama mlezi. Nimekagua makao ya watoto kwa miaka mingi. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kuangalia ndani ya nyumba, ningeacha majengo, ningeacha leseni, ningeangalia macho ya watoto yanaelekea wapi wanapoulizwa swali na mgeni. Si ushahidi, tuelewane. Mtoto aliyefiwa anaweza kutazama chini kwa huzuni tu, na yupo anayemtazama mlezi kwa sababu amemzoea na anataka amsaidie kujibu. Lakini ni dalili ya kufuatiliwa, na kuambiwa kwamba mkaguzi aliridhika si kufuatilia.

Sasa hiyo ripoti. Ukaguzi wa kawaida huchukua siku moja, zikizidi mbili. Mkaguzi anafika na orodha yake. Cheti cha usajili hakijaisha muda? Idadi ya watoto inalingana na ile iliyoruhusiwa? Walezi ni wangapi kwa zamu, na je, kila mmoja alichunguzwa kabla ya kuajiriwa kama amewahi kutiwa hatiani? Vizima moto vinafanya kazi? Kabati la dawa linafungwa, na daftari lake linajazwa? Kila mtoto ana jalada, na ndani yake mna mpango wa malezi wenye saini? Anazunguka vyumbani, anakaa na meneja, anaongea na walezi wawili watatu na, kama anaijua kazi yake, anaongea na watoto. Kisha anaondoka kwenda kuandika. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mkaguzi haifikii hiyo siku ya tatu, na hakuna nyumba inayoshindwa kumkirimu mgeni kwa siku mbili.

Sisemi ukaguzi ni kazi bure. Mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli unagunduliwa na mtu aliyekwenda kuusukuma, na kuna watoto walio hai leo kwa sababu mtu aliusukuma. Ninachosema ni kwamba ukaguzi hupima vizuri vitu vilivyotulia mahali pake, na hupima vibaya yale yanayotokea saa nne usiku.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa Ireland. Mei 2009 tume iliyoundwa kuchunguza mateso ya watoto kwenye taasisi za bweni, nyingi zikiendeshwa na mashirika ya kitawa kwa fedha za serikali, ilitoa ripoti ndefu sana. Wengi wanaikumbuka kwa masimulizi ya watu wazima waliokuwa watoto mle ndani. Mimi huzirudia kurasa zinazohusu ukaguzi, maana ukaguzi ulikuwepo. Wizara ya elimu ilikuwa na mkaguzi wake, mmoja, na taasisi zilizomngoja zilizidi 50. Wasimamizi walijulishwa mapema kwamba anakuja. Aliangalia hali ya kimwili ya watoto, hakugusa yaliyo moyoni mwao. Kanuni ziliagiza kila taasisi iwe na daftari la adhabu, naye hakuhakikisha kwamba daftari hilo linatunzwa na kuonyeshwa. Alipoona kasoro hakuwa na mamlaka nyuma yake ya kulazimisha zirekebishwe. Na mara chache sana alizungumza na watoto wenyewe.

Kwa hiyo ukirudi pale mapokezi, isome ile ripoti ukiwa na hayo kichwani. Inasema ukaguzi ulikuwa wa kushtukiza au wa miadi? Inasema mkaguzi aliongea na watoto wangapi, na je, waliongea naye faragha au meneja alikuwa ameketi kwenye kochi la pembeni? Kuna mahali maneno ya mtoto yamenukuliwa, hata bila jina? Ripoti yenye kurasa nyingi za majengo na mistari miwili ya "watoto walionekana wenye furaha" imekueleza habari za majengo.

Nikupe na mfano wa pili, kwa sababu huwa tunadhani ubaya unafichwa siku zote. Nchini Uingereza, katika kaunti ya Staffordshire, kati ya 1983 na 1989 kulikuwa na makao ambamo watoto waliadhibiwa kwa kufungiwa chumbani peke yao, wakinyang'anywa nguo zao na kuachiwa za kulalia tu, wengine kwa siku nyingi mfululizo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1991 uliwahesabu watoto wasiopungua 132. Kilichonishtua mimi si idadi hiyo. Mambo yale yaliandikwa. Walezi waliyaandika wazi kwenye madaftari ya zamu, siku kwa siku, kwa sababu waliamini ni utaratibu halali wa kazi. Yeyote ambaye angefungua daftari na kulisoma, badala ya kuweka alama ya vema kwamba daftari lipo, angeyaona. Na hayo yalikuwa makao ya halmashauri, si ya mfanyabiashara, kwa hiyo tusidanganyane kwamba nyumba ya umma ni salama kwa kuwa tu ni ya umma.

Na mimi yamenikuta. Kuna makao niliyokwenda bila miadi, asubuhi, watoto wakijiandaa kwenda shule. Nikaomba daftari la matukio. Nikaletewa la miezi minne, safi kabisa, bila doa. Kila siku mstari mmoja: "Watoto wote wako salama, hakuna tukio." Wino uleule na mwandiko uleule, zamu ya mchana na zamu ya usiku, Jumapili na katikati ya wiki. Nikaomba orodha ya zamu, ilikuwa na majina sita. Nikawaomba wale sita, mmoja mmoja, waniandikie tarehe ya siku hiyo na majina yao kwenye karatasi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mwandiko ule. Ulikuwa wa karani wa ofisini, aliyeketi siku mbili kuandika miezi minne.

Nyumba yenye watoto 14 ikapita miezi minne bila tukio hata moja? Watoto hugombana, huanguka ngazini, huamka usiku wakilia, hukasirika wakavunja sahani, hutoroka mpaka kona ya barabara wakarudi wenyewe. Nyumba ya namna hiyo haina amani kuliko nyingine, haiandiki tu. Mimi nikikuta daftari lenye miandiko mitano, lenye mafuta ya mikono, lenye sentensi kama "alikataa kuoga, tukaongea, akaoga saa tatu", moyo wangu hutulia.

Nikapanda ghorofani. Chumba cha mwisho kilikuwa kimepakwa rangi upya, mlango pia. Usawa wa kiuno, upande wa nje, nikaona madoa manne meupe. Nikapitisha kucha. Yalikuwa matundu ya skrubu yaliyozibwa kwa dawa ya meno, na harufu yake bado ilikuwepo. Meneja akaniambia palikuwa na ndoano ya kutundikia nguo. Ndoano ya nguo haiwekwi kiunoni, nje ya mlango, huku kwenye fremu ya pembeni kukiwa na tundu la ulimi wa komeo.

Mkaguzi aliyeipitisha nyumba ile mwaka uliotangulia nilikuwa mimi. Safari ile nilikuwa nimewapa taarifa wiki mbili kabla.

Ndiyo maana Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, inataka ukaguzi uwe wa mara kwa mara, wa miadi na wa kushtukiza vyote viwili, na uhusishe kuzungumza na watoto na walezi pamoja na kuwaangalia wakiishi. Kuwaangalia wakiishi ndilo linalorukwa zaidi, kwa kuwa haliingii vizuri kwenye fomu. Ni kukaa pale watoto wanapokula, ukaona kama mlezi anakula nao au anasimama mlangoni. Ni kusikia watoto wanaitwaje: kwa majina yao, au "wewe", au "wale wa chumba namba tatu".

Nchi nyingine zimejaribu kuongeza jicho la kati ya ukaguzi na ukaguzi. Kwa kanuni za England za mwaka 2015, mbali na mamlaka ya ukaguzi inayoitwa Ofsted, kila makao lazima yatembelewe angalau mara moja kwa mwezi na mtu huru, anayeongea na watoto na kuandika ripoti inayofika kwa mamlaka hiyo. Mpango mzuri. Mtu anayekuja mara 12 kwa mwaka hujua kwamba mtoto fulani alikuwa mcheshi Machi na sasa hafungui mdomo. Una kasoro moja ambayo sijaacha kuilalamikia: mtu huyo huru huteuliwa na kulipwa na mwenye makao. Wapo wanaofanya kazi kwa uadilifu pamoja na hayo, lakini kumwambia anayekulipa kwamba nyumba yake inanuka si kazi ya kila mtu.

Hapo tumefika kwenye fedha, na uliandika "makao binafsi", basi tuseme waziwazi. Makao binafsi mara nyingi hulipwa kwa kichwa: kitanda chenye mtoto kina mapato, kitanda kitupu ni hasara. Gharama kubwa ya nyumba ya watoto ni mishahara ya walezi, kwa hiyo anayetaka faida iongezeke haraka ana njia mbili, kupunguza walezi au kuwalipa kidogo. Zote mbili huishia pamoja: walezi wanaondoka kila baada ya miezi michache, na mtoto aliyekwisha kupoteza mama anapoteza mtu mwingine, na mwingine tena. England, ambako zaidi ya nane katika kila makao kumi ni ya binafsi, mamlaka ya ushindani wa biashara ilichunguza soko hilo na mwaka 2022 ikaripoti kwamba kampuni kubwa zilipata faida ya uendeshaji ya wastani wa asilimia 22.6 kati ya 2016 na 2020. Wales nayo ikaamua mwaka 2025, kwa sheria, kuondoa faida hatua kwa hatua kwenye malezi ya watoto walio chini ya uangalizi wa serikali. Marekani, Juni 2024, kamati ya fedha ya Seneti ilisema kuhusu vituo vya tiba vya bweni vya vijana kwamba madhara waliyoyaona hayakuwa bahati mbaya, yalitokana na namna biashara yenyewe ilivyojengwa, ya kujaza vitanda na kubana wafanyakazi. Ile Miongozo ya 2009 ilikuwa imeshaonya: ugharamiaji usiwe wa namna inayochochea mtoto kuwekwa pasipo lazima au kukaa muda mrefu kuliko anavyohitaji.

Nimeona makao binafsi ya watoto sita ambayo ningemwacha mtoto wangu bila wasiwasi, mlezi mkuu akiwa palepale kwa miaka 15 na watoto waliokua wakirudi kumwonyesha wachumba zao. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama ni ya binafsi. Uliza mlezi anayemhudumia mwanao ana muda gani pale, na aliyemtangulia alikaa muda gani. Uliza ni walezi wangapi wanaokesha usiku, wakiwa macho. Uliza meneja wamebadilishwa mara ngapi katika miaka mitatu. Majibu hayo hayahitaji kufungua jalada la siri la mtoto yeyote, na meneja anayeyakwepa amekujibu.

Liko jambo lingine kuhusu madaraja ambalo wakaguzi tunaongea wenyewe kwa wenyewe na hatuliandiki. Unafika, unakuta nyumba mbovu. Una mamlaka ya kupendekeza ifungwe. Watoto 14 watalala wapi leo usiku? Unapiga simu, makao mengine yamejaa, familia za malezi ya kambo ni chache. Unaanza kuitazama nyumba ileile kwa jicho jingine: si mbovu sana, inarekebishika, tuwape miezi mitatu. Daraja linapanda bila nyumba kubadilika. Mkaguzi asiye na mahali pa kuwapeleka watoto ana meno ya plastiki. Nchi zilizojenga njia nyingine zimewasaidia wakaguzi wake pengine kuliko zilivyokusudia. Rwanda mwaka 2012 ilianza mpango wa kitaifa wa kuwarudisha watoto wa makao kwenye familia. Kenya mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya ya hisani. Palipo na familia zilizoandaliwa kupokea watoto, kufunga nyumba mbovu kunawezekana.

Sasa nafasi yako wewe.

Ukaguzi unaihusu nyumba. Kipo kitu kingine kinachomhusu mtoto mwenyewe, nacho ni mapitio ya malezi yake. Vyote viwili hufanywa na serikali, hutumia maneno yanayofanana, na meneja wengi huvichanganya, wengine kwa makusudi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao karibu kila nchi duniani imeuridhia, unasema katika ibara ya 25 kwamba mtoto aliyewekwa mahali na mamlaka kwa ajili ya malezi, ulinzi au matibabu ana haki ya kupitiwa mara kwa mara: anavyotunzwa, na mazingira mengine yote yanayohusu kuwekwa kwake pale. Miongozo ya 2009 inapendekeza mapitio hayo yafanyike angalau kila miezi mitatu, na mtoto pamoja na watu muhimu katika maisha yake washirikishwe. Wewe ulionyeshwa ukaguzi. Mapitio hujaonyeshwa, wala, kwa barua yako, hukuitwa.

Kwa hiyo acha kubishana na meneja kuhusu ripoti ya ukutani. Nyumba inaweza kuwa nzuri kwa watoto 13 na isimfae wa 14. Muulize afisa ustawi wa jamii aliyemweka pale, si meneja: mapitio ya mwisho ya mtoto huyu yalifanyika lini? Nani alikuwepo? Yeye mwenyewe alisema nini, na nani alimsikiliza bila walezi kuwepo? Yajayo ni lini, nami nitaitwaje? Kama hayajafanyika, utakuwa umegundua kasoro isiyotegemea mtoto kusema neno lolote, na hilo ni muhimu, maana hatutaki uzito wa jambo hili ubebwe na kinywa chake.

Kuhusu kuongea naye. Omba mkae nje, au mtembee. Watoto wa umri wake huongea vizuri wakiwa wanatembea sambamba na mtu kuliko wakikabiliwa uso kwa uso. Ukinyimwa faragha uliza sababu, nayo iandike. Inawezekana ipo ya halali, kwa mfano amri ya mahakama kuhusu ndugu wengine, lakini lazima iwepo mahali kwa maandishi. Usimhoji. Usiulize "wanakupiga?", kwa sababu swali la namna hiyo humpa jibu mdomoni na baadaye litaharibu ushahidi wake. Mwulize siku inakwendaje, usiku nani huwa zamu, nani anamchekesha, saa ipi haipendi. Kisha nyamaza. Ukimya wa dakika mbili ni mrefu kwako kuliko kwake.

Akikwambia "nikikwambia usimwambie mtu", usikubali, hata kama roho inakusukuma. Mwambie, "Nitamwambia mtu anayeweza kusaidia tu, na nitakwambia wewe kwanza kabla sijamwambia." Mtoto aliyeahidiwa siri kisha ikatoka hujifunza kwamba watu wazima wote ni wamoja.

Na akikutajia kupigwa, kushikwashikwa, kufungiwa, kunyimwa chakula kama adhabu, au kupewa vidonge vya kumlaza, usishuke mapokezi kumkabili mtu. Najua hasira itakuwepo. Lakini ukishaondoka yeye anabaki, na usiku ule ule daftari linaweza kuandikwa upya na mtoto akahojiwa na haohao. Nenda siku hiyohiyo ustawi wa jamii au polisi, dawati linaloshughulikia watoto kama lipo. Mwili wake aangalie daktari, si wewe na simu yako. Maneno yake yaandike mara ukitoka getini, kama alivyoyasema, kwa lugha yake ya kitoto, pamoja na tarehe, saa, na mlikuwa mmekaa wapi. Usiyasahihishe yawe ya kiutu uzima. Mtoto aliyesema "ananiweka kule kwa mashuka" amesema kitu ambacho mkaguzi anaweza kwenda kukitafuta. "Anamfungia stoo" ni tafsiri yako, na inaweza kuwa si sahihi.

Kama hakuna alichosema na yote uliyonayo ni ule mtazamo wa macho, bado unayo ya kuandika. Wengi hudhani malalamiko lazima yawe na kosa lililothibitika. Hapana. Andika ulichokiona: ziara ya tarehe fulani, muda fulani, mlezi alikaa nasi chumbani muda wote, mtoto alimtazama kabla ya kujibu kila swali, alikuwa akiongea sana kabla na sasa anajibu kwa neno moja moja. Peleka kwa afisa wake, na nakala kwa mamlaka inayotoa leseni za makao. Barua moja ya namna hiyo haifungi nyumba, lakini huingia kwenye jalada la nyumba, na mkaguzi anayejiandaa kwenda hulisoma jalada. Mimi barua za akina mama wadogo na mababu ndizo zilizokuwa zikiniambia nianze chumba gani. Barua tatu kutoka familia tatu zisizojuana, zote zikitaja zamu moja ya usiku, na safari iliyokuwa ifanyike mwakani inafanyika Alhamisi.

Endelea kwenda kumwona, na siku zisiwe zilezile. Taratibu za ziara za nyumba uziheshimu, ila kama zinaruhusu siku tatu kwa wiki, usiwe mtu wa Jumamosi peke yake. Mtoto anayetembelewa ni mtoto ambaye nyumba inajua kuna anayemhesabu, na kati ya vitu vyote vinavyopunguza ubaya mahali pa namna hiyo, hicho nakiweka juu ya cheti chochote, na juu yangu mimi na orodha yangu.

La mwisho nimeliona kwenye neno lako moja. Umeandika kwamba hukumchukua kwa sababu "wakati ule" ulikuwa mgonjwa. Kama umepona, au hata kama umepata nafuu na kuna ndugu wa kukusaidia, sababu iliyomweka pale imebadilika, na kubadilika kwa sababu ndiko kunakopaswa kufikishwa kwenye mapitio. Makao ni njia ya kupita, si mahali pa kuzeekea utoto. Huenda usiweze kumchukua kesho. Watachunguza afya yako, nyumba yako, na yeye mwenyewe ataulizwa anataka nini. Pengine itaanza na wikiendi, halafu likizo. Lakini hakuna atakayeanza kuchunguza kama hujaomba, na kuomba kwa mdomo pale mapokezi hakuhesabiwi.

Andika barua mbili tofauti, usichanganye. Ya kwanza ni ya uliyoyaona kwenye ziara. Ya pili ni ombi la mapitio, ukieleza kwamba hali yako imebadilika na unataka ufikiriwe kumlea, na uambatanishe cheti cha daktari kama unacho. Ukizichanganya, wapo watakaosema unaisema nyumba vibaya ili upewe mtoto. Zipeleke mwenyewe ofisini, uzigongeshe mhuri wa kupokelewa, na nakala zenye mhuri zibaki kwako.